Kituo cha tiba ya tabia kwa watoto wenye usonji, Sinza: maoni ya mjomba mwenye cherehani

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningekuwa nawapima maticha peke yao ningetoa tano bila kusita. Ningekuwa naipima ofisi yao ya malipo ningetoa moja, tena kwa ajili ya feni tu, maana kwenye joto la Februari ukigombana na mhasibu walau unagombana ukiwa na upepo.

Jina la kituo sitaji. Nina sifa na nina malalamiko, na sehemu za namna hii hapa Dar ni chache. Sitaki mzazi asome hasira zangu halafu aache kumpeleka mtoto. Ni nyumba ya kuishi iliyogeuzwa kituo, upande wa Sinza, ukishuka stendi ya Mawasiliano unachukua bajaji. Kazi yao ni tiba ya tabia, ile ambayo wenyewe wanaiita kwa herufi tatu, ABA. Wanamfundisha mtoto mambo ya kila siku, kula, kuvaa, kwenda haja, kuomba, kusubiri, kwa hatua ndogondogo, na wanamlipa kwa zawadi papo hapo kila anapopatia.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Tabata. Mtoto ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu mdogo. Nyumbani tunamwita Mzee, kwa jinsi alivyokuwa akikunja uso tangu mchanga. Mama yake anauza kwenye duka la jumla Kariakoo, anatoka alfajiri, kwa hiyo Mzee anashinda nami kibandani na safari za kituoni zikawa zangu. Alianza akiwa na miaka sita. Alikuwa hasemi, anavaa pampasi, anakula wali mkavu na krispi basi, na shati lenye lebo shingoni alikuwa analivua hata mkiwa katikati ya daladala.

Ukoo wetu ulishazunguka kote kabla ya hapo. Kombe alinywa, dua alisomewa, mitishamba ya Mbagala alioga, na jirani mmoja mpaka leo anaapa kuwa ni chanjo. Chanjo haileti usonji. Mama kushinda kazini hakuleti usonji, wala jini. Ni ubongo uliojijenga kwa namna yake tangu tumboni, na urithi una sehemu kubwa. Hakuna dawa ya kuuondoa. Siku ya kwanza nilimuuliza msimamizi wa kituo, "Sasa huyu atapona lini?" Akanijibu, "Mjomba, hapa haponi mtu. Hapa tunafundisha kuvaa kaptura." Nilimwamini kuanzia hapo. Kituo kikikuahidi kwamba mtoto atapona, geuza na bajaji ile ile iliyokuleta.

Tathmini ya mwanzo ilikuwa shilingi 150,000, na kwangu hiyo ndiyo pesa niliyoitoa kwa uchungu mdogo kuliko zote. Ticha alikaa naye sakafuni, hakumwamuru chochote. Alimwagia vitu kwenye mkeka, magari ya plastiki, mapovu, kinanda kidogo chenye taa, akawa anaandika anachokishika na muda anaokaa nacho. Mzee hakugusa hata kimoja. Alikuja kwenye begi langu, akaingiza mkono, akatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, akaiweka sakafuni na kuizungusha. Ticha akafuta karatasi yake akaandika: bobini. Kuanzia siku hiyo bobini ndiyo mshahara wa Mzee. Akifanya kazi, anazungusha bobini kidogo, inarudi kwa ticha, kazi nyingine. Wakazitunga bobini kadhaa kwenye kamba nene ili asije akameza hata moja. Mimi nilidhani watampa biskuti. Kumbe wapo watoto wasiotaka biskuti, na zawadi asiyoitaka mtoto haimfundishi kitu hata ukimpa gunia.

Kinachofanyika chumbani ni rahisi kukieleza na kigumu kukifanya. Wanachukua jambo ambalo sisi tunaliona moja, wanalikata. Kwangu hili halikuhitaji tafsiri: shati halishonwi kwa mkupuo, unaunga mabega, kola, mikono, ubavu, pindo, vifungo mwisho, na ukiruka hatua unafumua. Kunawa mikono wao wanakuhesabia: kufungua bomba, kulowesha, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua nyuma ya mikono, kusuuza, kufunga bomba, kukausha. Kila hatua ina mstari wake kwenye fomu, na pembeni wanaandika alifanya mwenyewe au alisaidiwa, na kama alisaidiwa, kiasi gani.

Kwenye kaptura walianzia mwisho. Ticha anamvalisha yeye, mguu wa kwanza, mguu wa pili, anaipandisha mpaka kwenye nyonga, halafu anamwachia Mzee kipande cha mwisho tu, kuivuta kutoka nyonga mpaka kiunoni. Akiivuta, bobini. Akishaizoea hatua hiyo, anaachiwa na ile ya kabla yake, avute kutoka magotini. Hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka anaanza yeye na kaptura ikiwa chini. Nilipouliza kwa nini wasianzie mwanzo kama watu wengine, ticha akasema ukianzia mwisho, mtoto kila mara anamaliza mwenyewe, na zawadi inamkuta akiwa amevaa. Ukianzia mwanzo anaingiza mguu mmoja halafu wewe unamalizia, na yeye anajifunza kwamba ukiingiza mguu, mtu mzima anamalizia.

Na kuna suala la mkono. Mwanzoni ticha anashika mkono wa mtoto kabisa. Baadaye anashika kifundo. Baadaye anagusa kiwiko. Baadaye anaonyesha kwa kidole, mwishowe anaangalia pembeni. Kazi yote imo kwenye huko kuondoa mkono. Nimewaona maticha wageni wakisahau hapo: mtoto anavaa vizuri, wanafurahi, na mkono wao bado uko juu ya mkono wake.

Hapa nijisifu kidogo. Sare ya shule aliyonunuliwa ilikuwa na zipu na kifungo kidogo cha chuma, kitu ambacho hata mtoto asiye na usonji anahangaika nacho. Niliifumua kiuno nikaweka lastiki. Halafu nikakata vipande vya jinzi, nikashona vifungo kwa mpangilio: cha kwanza kikubwa cha koti la kike na tundu pana, kinachofuata kidogo zaidi, mpaka cha shati. Lebo zote nilitoa, na mishono ya ndani ya kola nikaifunika kwa pamba laini, kwa kuwa watoto wengi wenye usonji ngozi yao inahisi mkwaruzo ambao wewe huusikii. Ticha aliviona vile vipande akaomba seti kwa ajili ya watoto wengine. Walinilipa, tena haraka kuliko wanavyojibu simu. Lile tundu la kifungo cha shati bado linamshinda Mzee, la koti analifunga huku anaangalia barabarani.

Sasa choo. Hapa ndipo nyota moja nzima ilipopotea na nusu yake ikarudi.

Kituoni wana choo cha kukaa, cha marumaru nyeupe, bomba linatoka maji, dirisha kubwa. Utaratibu wao wa kufundisha una mizizi kwenye kazi ya Wamarekani wawili, Nathan Azrin na Richard Foxx, waliochapisha mwaka 1971 namna walivyowafundisha kwenda haja watu wazima wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakiishi kwenye taasisi, watu ambao wengi walishawakatia tamaa. Unamnywesha mtoto maji mengi, unampeleka kwa vipindi bila kumsubiri aombe, anakaa muda mfupi, kikitoka kitu analipwa pale pale kwa furaha kubwa, kisipotoka anarudi kucheza bila kelele. Katikati unamkagua, akiwa mkavu pia anasifiwa. Azrin na Foxx walikuwa na sehemu ya kumfanya mtu asafishe alipochafua, tena kwa kurudiarudia. Hiyo kituoni hawaifanyi, na ticha aliniambia waziwazi kwamba hawaitaki. Mzee akashika. Baada ya wiki chache tu alikuwa anakaa kituoni bila pampasi.

Nyumbani, hakuna. Choo chetu kipo uani, cha kuchuchumaa, tunachangia na wapangaji wenzetu. Kuna giza, sakafu ina maji, lazima uvae kandambili, maji yapo kwenye ndoo na kopo juu yake. Mzee alikuwa akifikishwa mlangoni anapiga yowe na kujitupa. Dada yangu akasema kituo kinatudanganya. Hakikudanganya. Mtoto mwenye usonji anaweza kujifunza jambo likagandana na mahali alipojifunzia: kwake choo ni kile cheupe cha Sinza, hiki cha uani ni shimo lenye giza ambalo hajawahi kuambiwa linahusiana na chochote. Na ndiyo maana nalalamika. Fomu yao ya mwanzo ina kurasa na kurasa. Inauliza mtoto analala saa ngapi, inauliza kama ana chumba chake. Haiulizi mnatumia choo cha aina gani. Kwa jiji hili, ambako nusu ya mitaa ninayoijua watu wanachuchumaa, hilo lilipaswa kuwa swali la kwanza.

Ziara ya nyumbani wanaitoza peke yake, shilingi 60,000 na nauli ya ticha juu yake, na kwenye karatasi ya bei imewekwa chini kabisa kwa maandishi madogo, pamoja na gharama za vyeti. Tulijikakamua tukailipia. Ticha alikuja na bajaji, akavua viatu, akaomba kandambili, akaingia kile choo chetu akasimama ndani kimya, akiangalia anachokiona mtoto. Akatoka na orodha. Taa. Kitu cha kushikilia, maana Mzee alikuwa anaogopa kuanguka. Nikapigilia ubao ukutani. Alama za nyayo kwa rangi nyeupe, aone pa kukanyaga. Kisha akaanza upya, kwa vipande: kusimama mlangoni, bobini. Kuvaa kandambili, bobini. Kukanyaga nyayo na kutoka, bobini. Kuchuchumaa akiwa na kaptura, bila haja yoyote, akishika ubao. Wapangaji walikusanyika uani kama kuna msiba, mama wa chumba cha mbele akauliza huyu dada analipwa kwa kazi hii? Baadaye mama huyo huyo ndiye aliyewakataza wanawe kugonga mlango kwa fujo Mzee akiwa ndani.

Alipiga picha choo chetu, ndoo yetu, kopo letu lenye mpini uliovunjika, akatutengenezea kadi za hatua tukazibandika ukutani kwenye nailoni. Leo mchana Mzee anaingia mwenyewe. Kujisafisha kwa maji bado anahitaji mtu, na usiku bado pampasi. Ila pampasi moja kwa siku badala ya zile za zamani, mwenye mtoto mkubwa anajua bei ya saizi zile.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kwenda pale: omba ziara ya nyumbani mwezi wa kwanza, kabla hujanunua vipindi vingi. Punguza vipindi ikibidi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yake kwa walezi wa watoto wenye kuchelewa au ulemavu wa makuzi, wa miaka 2 hadi 9, yaliyotungwa kwa ajili ya sehemu zenye uhaba wa wataalamu, na humo wameweka vikao 9 vya kundi na ziara 3 za nyumbani, na anayefundishwa ni mlezi. Kwa yule ticha kushinda kwetu asubuhi moja nilijifunza zaidi ya nilichojifunza kwa miezi ya kukaa kwenye benchi la wageni nikiangalia mlango uliofungwa.

Hilo benchi lina hadithi yake. Pale mapokezi kuna kipeperushi kinachosema mtoto anahitaji saa 40 kwa wiki, na dada wa mapokezi analisoma hilo kwa sauti ya huruma. Kipindi cha saa moja ni 35,000. Piga hesabu: 1,400,000 kwa wiki. Kwa wiki! Nilirudi nyumbani nikawa nasoma kwenye simu usiku hiyo 40 imetoka wapi. Imetoka kwa Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa UCLA kule Marekani, aliyechapisha mwaka 1987 matokeo ya watoto 19 waliofundishwa saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi, ambapo 9 waliweza kupita darasa la kwanza la kawaida na kupata alama za kawaida kwenye kipimo cha akili. Ni matokeo makubwa. Lakini walikuwa watoto wadogo wa chini ya miaka minne, hawakugawanywa kwenye makundi kwa kura kama inavyotakiwa kwenye utafiti wa kulinganisha, na enzi hizo ufundishaji wenyewe ulikuwa na makofi ya paja ndani yake. Kipeperushi hakisemi lolote kati ya hayo. Nilipomuuliza msimamizi, hakubishana. Alisema Mzee apate vipindi vitatu kwa wiki, na kula, kuoga, kuvaa na kutembea kwenda dukani tuvihesabu kuwa darasa, kwa sababu hayo yapo kila siku na hayalipiwi. Kwa nini basi kipeperushi bado kipo mezani, hilo alijaribu kunijibu na sikumwelewa.

Makofi siku hizi hawapigi, nimekaa pale vya kutosha kujua. Ila uwe macho na jambo moja. Watu wazima wenye usonji waliopitia tiba hii utotoni, hasa huko Marekani na Uingereza, wameandika sana kwamba walilazimishwa kuangalia watu machoni na kukatazwa kupepea mikono, na wanasema iliwaumiza. Kulikuwa na kijana wa mafunzo aliyekuwa anamshika Mzee kidevu na kusema "niangalie". Nikamwambia msimamizi, kijana akaelekezwa, ikaisha. Mzee akifurahi anapepea mikono mpaka leo na hakuna anayemzuia, wala sioni kwa nini azuiwe, haimdhuru mtu. Ukienda, uliza hilo kabla ya bei.

Kadi za kuomba nazo zina kisa. Ni mbinu ya Wamarekani wengine wawili, Andy Bondy na Lori Frost, ya mwaka 1985: mtoto asiyesema anamkabidhi mtu picha ya kitu anachokitaka, anapewa kitu hicho hapo hapo. Mwanzoni wanakuwa watu wazima wawili. Mmoja yuko mbele na kitu mkononi, hasemi neno, haulizi "unataka nini?" Mwingine yuko nyuma, anausaidia mkono wa mtoto kuokota kadi na kuifikisha. Huyo wa nyuma haongei kabisa, na bibi yake Mzee, mama yangu mzazi, kukaa nyuma ya mjukuu bila kuongea lilikuwa ni zoezi la bibi kuliko la mjukuu.

Kadi za kituoni za mwanzo zilikuwa za kununua nje: sinki la kuogea lenye povu, mashine ya kuchoma mkate, viatu vya theluji. Mzee alizitafuna. Tulipoleta picha za vitu vyake, kopo la maji, krispi za pakiti nyekundu, bobini, akaelewa kazi ya kadi ndani ya siku chache. Na siku moja pale Mawasiliano, jua kali, akachomoa kadi ya maji akampelekea kijana anayeuza maji kwenye ndoo ya barafu. Kijana akaipindua, akaitazama nyuma, akaniuliza, "Hii ni vocha?" Nikamwambia mpe maji tu, nalipa mimi. Akampa. Ndugu walikuwa wanahofia kwamba kadi zitamfanya asiseme kabisa. Tafiti hazionyeshi hivyo, na wapo watoto wanaoanza kusema wakiwa na kadi mkononi. Mzee sasa anasema "ma" akitoa kadi ya maji. Bobini anaiita "bo".

Kulikuwa pia na makelele ya mchana. Kila siku jua likiwa utosini anapiga kelele na kujigonga kichwa kwa kiganja. Ticha akatupa jedwali la safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Tukajaza, mimi na mama yangu, kila mtu kwa mwandiko wake. Jedwali likasema lenyewe: kinachotangulia ni bibi kuweka simu kwenye chaji, kinachofuata ni bibi kumpa simu. Mama alikataa. Akasema jedwali lina makosa, mtoto analia kwa njaa. Tukaongeza safu ya chakula. Ameshakula. Basi akanyamaza, halafu akasema, "Nimpe nini sasa, yowe lake linanipasua moyo." Mpango ulikuwa afundishwe kutoa kadi ya simu, na apewe akiitoa, na akipiga kelele asipewe. Ticha alituonya kwamba siku za mwanzo kelele zitazidi kabla ya kupungua, kwa kuwa mtoto anaongeza nguvu kwenye njia iliyokuwa ikimpatia. Zilizidi kweli. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja kuuliza. Tulivumilia, zikashuka, na siku hizi ugomvi wetu ni kadi ya simu kutolewa mara nyingi mno.

Chakula hakijasogea sana. Wanamfundisha kwa ngazi, kukaa na chakula mezani, kukigusa, kukinusa, kukilamba. Ndizi mbivu imeingia kwenye orodha. Ugali anaubonyeza vidole vikaacha alama, anafurahi, hali.

Malalamiko mengine nayapitia haraka. Maticha wanahama: yule aliyekuja kwetu ameondoka, aliyempokea ni mzuri lakini alianza kumfundisha Mzee kuvaa kaptura wakati fomu inaonyesha alishahitimu. Malipo ni ya mwezi mzima mbele, na mvua ikifunga barabara ukakosa kipindi, pesa hairudi wala hakisogezwi. Kwa mji unaojaa maji kila masika, huo ni uonevu. Ripoti ya mwezi walikuwa wanaiandika kwa Kiingereza kirefu. Mama yake Mzee aliishika akauliza, "Kaka, hii inanihusu mimi au inawahusu wao?" Nikaipeleka hivyo hivyo kwa msimamizi. Sasa wanatoa ukurasa mmoja wa Kiswahili, una michoro, na mama yangu anausoma kwa miwani na kuwasomea majirani.

Sisi tumebakiza vipindi viwili kwa wiki na ziara moja ya nyumbani kila mwezi. Lengo la sasa ni duka la Mangi pale kona: kushika mia tano, kusubiri aliye mbele, kutoa kadi ya krispi, kupokea chenji, kurudi. Kusubiri ndiko kunakomtoa jasho. Mangi amekubali kusimama kama sehemu ya somo, kwa sharti kwamba siku ya mzigo tusiende.

Kwa anayetaka kwenda: Jumamosi pamejaa na pana makelele, watoto wengine hawayawezi, chagua katikati ya wiki asubuhi. Uliza ni nani anayemsimamia ticha wa mtoto wako na anamtazama akifundisha mara ngapi. Omba uingie chumbani. Wakikataa kabisa, jiulize. Malipo ni kwa simu au benki, risiti wanatoa ukiidai. Beba kaptura mbili za akiba na kitu ambacho mtoto anakipenda kweli, hata kiwe kizibo cha chupa, kwa sababu yale magari yao ya plastiki sijaona mtoto aliyeyataka.